Baa fupi au ndefu, na meno ya aina gani: ulinganisho kwa mnunuzi wa msumeno wa mnyororo

Mtu anayeingia katika duka la mashine za misitu, iwe Mafinga, Njombe au Kariakoo, huulizwa kwanza kama anataka chenso ya inchi ngapi, na swali hilo humfanya aamini kwamba urefu wa baa ndio kipimo cha nguvu ya mashine. Imani hiyo humgharimu. Baa ni kile kipande bapa cha chuma ambacho cheni hukizunguka, na urefu wake hauongezi nguvu hata chembe. Kila inchi inayoongezwa ni mzigo mwingine kwa injini ileile. Ulinganisho huu unahusu mambo mawili ambayo mnunuzi anaweza kuyaamua mwenyewe, yaani urefu wa baa na umbo la meno ya cheni, pamoja na mambo mawili ambayo mashine imekwisha kumwamulia, yaani pichi (nafasi kati ya viungo vya cheni) na geji (unene wa viungo vinavyopita ndani ya baa). Msimamo wangu nauweka wazi mapema: wengi wanaonunua baa ya inchi 20 wangekata miti mingi zaidi kwa siku, na kuchoka kidogo, wakiwa na baa ya inchi 16 au 18 yenye cheni ya meno ya pembe ya mviringo.

Kipimo cha dukani na kipimo cha mti

Urefu unaotajwa dukani ni ule wa kukatia, kuanzia pale baa inapochomoza kwenye mwili wa mashine hadi kwenye ncha yake. Baa ikifunguliwa na kulazwa mezani huonekana ndefu zaidi, kwa sababu sehemu ya nyuma yenye mwanya wa kupitishia bolti hufichwa na kifuniko cha sproketi, lile gurudumu la meno linalozungusha cheni. Ndiyo maana anayepima baa kuukuu kwa futi, kisha akaenda kununua nyingine ya urefu huohuo, hurudi nyumbani na kitu kisichomfaa.

Kipimo kinachohitajika hutoka kwenye mti. Zungusha futi ya kamba kwenye shina mahali pale msumeno utakapopita, ambapo ni karibu na ardhi na si usawa wa kifua, kisha gawanya mzingo huo kwa 3.14. Shina lenye mzingo wa sentimita 125 lina kipenyo cha sentimita 40 hivi, na baa ya kulikata kwa mkupuo mmoja inatakiwa kuzidi kipenyo hicho kwa takriban sentimita 5, yaani iwe ya inchi 18. Kanuni hiyo, hata hivyo, ni ya urahisi zaidi kuliko ya lazima. Mkataji aliyefundishwa vizuri huweza kuangusha mti wenye kipenyo kinachokaribia mara mbili ya urefu wa baa yake, kwa kukata upande mmoja kisha wa pili, huku akiacha katikati sehemu isiyokatwa ya kuuongoza mti unapolala. Kwa hiyo mwembe mmoja mnene ulio nyuma ya nyumba si sababu ya kununua baa ya inchi 25, ikiwa miti mingine yote ya shambani ina unene wa sentimita 25. Pima miti unayoikata kila wiki, na ule wa mara moja kwa mwaka mwachie fundi mwenye mashine kubwa.

Baa fupi, ya kati na ndefu

Mashine ndogo, zenye injini ya cc 30 hadi 40, huchukua baa za inchi 12 hadi 16. Mfano unaojulikana ni STIHL MS 180, yenye cc 31.8 na uzito wa kilo 4 hivi kabla ya kufungwa baa na cheni. Kwa kupogoa miti ya kivuli kwenye mibuni, kukata kuni, na kupunguza misindano (misonobari) michanga, baa ya inchi 14 inatosha kabisa. Mwenye mashine hii akifunga baa ya inchi 16 itafanya kazi, ila akiizamisha yote ndani ya mlingoti (mkaratusi) mkavu ataisikia injini ikishuka sauti, na hapo hana budi kuivuta nyuma kidogo ili cheni ipate mwendo tena.

Mashine za kati, za cc 45 hadi 60, ndizo zinazouzwa sana kwa wakulima wa miti, na ndizo zinazostahili maelezo marefu, kwa kuwa hapa ndipo makosa ya uchaguzi yalipo mengi. Mashine kama STIHL MS 250, yenye cc 45.4 na kilowati 2.3, hutulia ikiwa na baa ya inchi 16, na huvumilia ya inchi 18. Mashine nyingi za Kichina zinazouzwa kwa jina la cc 52 au 58 huja tayari zimefungwa baa ya inchi 20, yenye cheni ya pichi ya inchi 0.325 na viungo 76 vya kuendeshea, vile vinavyopita ndani ya mfereji wa baa. Mnunuzi huona amepewa zaidi kwa bei ileile, lakini namba ya cc iliyobandikwa kwenye mashine za namna hiyo mara nyingine huzidi kipimo halisi cha injini, na baa ya inchi 20 ni kikomo cha juu hata kwa cc 58 za kweli. Cheni ya viungo 76 ina meno 38 ya kunoa, ilhali ya inchi 16 yenye viungo 66 vya pichi hiyohiyo ina meno 33. Tofauti ya meno matano inaweza kudharauliwa ukiwa dukani, lakini si mwisho wa siku, unapokaa juu ya kisiki na tupa mkononi. Mashine ikiwa ndiyo hiyo, nashauri kununua baa ya pili ya inchi 16 au 18 pamoja na cheni yake, na ile ya 20 iwekwe kwa magogo machache yanayoihitaji.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa Dar es Salaam hawalitaji, labda kwa sababu wao wako usawa wa bahari. Injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa kuwa hewa inazidi kuwa nyepesi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Limuru nchini Kenya ni juu zaidi ya hapo, hivyo msumeno uliotengenezewa kutoa kilowati 2.3 hubaki huko na kilowati 1.8 hivi. Baa iliyokuwa ikienda vizuri kwenye misaji ya Muheza itaonekana nzito kwenye misindano ya nyanda za juu, hata kama mti wenyewe ni laini zaidi. Kurekebisha kabureta kulingana na mwinuko ni lazima kwa mashine zisizojirekebisha zenyewe, lakini marekebisho hayo hayarudishi nguvu yote iliyopotea, na njia ya uhakika ni kupunguza inchi mbili za baa.

Mashine kubwa za cc 70 na kitu, kama Husqvarna 372 XP au STIHL MS 382, huendesha baa za inchi 20 hadi 25 bila kulalamika, na kwa mvunaji wa milingoti mikubwa au misaji iliyokomaa hakuna mbadala. Zile za cc 90 na kuendelea, kama MS 661, pamoja na STIHL 070 ya zamani yenye cc 106, ndizo zinazobeba baa za inchi 30 na 36. Nguvu hiyo hulipiwa kwa uzito: mashine ya cc 72 ina kilo sita na nusu hivi kabla ya baa, cheni, petroli na oili, na mtu anayepogoa matawi siku nzima akiwa nayo huanza kuinyanyua vibaya jioni, wakati ambapo ajali ni rahisi kutokea.

Haki itendeke kwa baa ndefu pia. Mtu mrefu anayekata matawi ya mti uliokwisha kulala hupunguza kuinama akiwa na baa ya inchi 20, na mgongo wake humshukuru. Urefu huo pia humweka mbali kidogo na shina linapoanza kwenda. Upande wa pili ni kwamba ncha ya baa ndefu huwa ng'ambo ya gogo, mahali ambapo mkataji haoni, na hapo hukutana na udongo, jiwe au tawi jingine. Robo ya juu ya ncha ikigusa kitu kigumu wakati cheni iko kwenye mwendo, mashine hurushwa juu na nyuma, kumwelekea mkataji usoni, kwa kasi ambayo hakuna mkono unaoweza kuizuia. Breki ya cheni na baa yenye ncha nyembamba hupunguza hatari hiyo bila kuiondoa. Kwa anayeanza, hii peke yake ni sababu ya kutosha ya kuchukua baa fupi kati ya mbili zinazomfaa.

Pichi na geji: yaliyokwisha kuamuliwa

Pichi ni umbali kati ya ribiti (pini zinazounganisha viungo) tatu zinazofuatana, ukigawanywa kwa mbili. Zinazopatikana zaidi, kwa inchi, ni 3/8 ndogo kwa mashine nyepesi, 0.325 kwa mashine za kati, 3/8 ya kawaida kwa mashine za cc 60 na zaidi, na 0.404 kwa zile kubwa kabisa. Geji ni unene wa kiungo cha kuendeshea, yaani ile ncha ya chini inayopita ndani ya mfereji wa baa, nayo huwa milimita 1.1, 1.3, 1.5 au 1.6. Sproketi ya mashine, nyota iliyo kwenye ncha ya baa, na cheni yenyewe lazima viwe na pichi moja. Mfereji na viungo lazima viwe na geji moja. Cheni ya milimita 1.6 haiingii kabisa kwenye mfereji wa 1.5, na kosa hilo angalau hujionyesha palepale. Kosa baya zaidi ni cheni ya 1.3 kwenye mfereji wa 1.5, kwa sababu inaingia, inazunguka, kisha inayumba na kukata kwa kupinda mpaka mwenye mashine anadhani ameshindwa kunoa.

Vivyo hivyo 3/8 ndogo na 3/8 ya kawaida zisichanganywe kwa sababu ya kufanana jina. Umbali wa ribiti unakaribiana sana, lakini meno ya ile ndogo ni mafupi, tupa yake ni tofauti, na sproketi zake hazibadilishani vizuri na za ile kubwa.

Taarifa hizi zimegongwa kwenye chuma, na anayejua pa kutazama hahitaji kumtegemea muuzaji. Safisha sehemu ya nyuma ya baa kwa kitambaa chenye petroli, na mara nyingi utasoma urefu, pichi, geji na idadi ya viungo. Kwenye cheni za STIHL, tarakimu iliyo juu ya kiungo cha kuendeshea hutaja geji, ambapo 3 ni milimita 1.3, 5 ni 1.5 na 6 ni 1.6, na tarakimu iliyo kwenye jino hutaja pichi, ambapo 2 ni 0.325, 3 ni 3/8, 4 ni 0.404, na 6 ni 3/8 ndogo. Cheni za Oregon hutumia namba nyingine: 91 ni 3/8 ndogo ya milimita 1.3, 20, 21 na 22 ni 0.325 za milimita 1.3, 1.5 na 1.6, na 72, 73 na 75 ni 3/8 ya kawaida kwa mfuatano huohuo wa unene. Maandishi yakiwa yamefutika, laza cheni mezani na uhesabu viungo vya kuendeshea kimoja kimoja. Kusema tu "nipe cheni ya inchi 16" hakutoshi, kwa maana inchi 16 zaweza kuwa viungo 55, 56, 60, 62, 66 au 67, kulingana na pichi na mtengenezaji.

Pembe kali dhidi ya pembe ya mviringo

Meno ya msumeno wa mnyororo hupangwa moja kushoto na moja kulia, mpangilio ambao Joseph Buford Cox, mkata miti wa Oregon nchini Marekani, aliupata mwaka 1946 baada ya kumtazama buu wa mdudu akitafuna kisiki upande huu na upande ule. Tangu hapo tofauti kubwa kati ya cheni na cheni imekuwa kwenye umbo la pembe ya jino, pale bamba la juu linapokutana na la ubavuni.

Pembe kali ya mraba hukata haraka kuliko zote. Katika msindano mbichi na safi, wenye kuanguka juu ya majani na si juu ya mchanga, cheni hii humega maranda makubwa na kumpa mkataji raha ya kweli. Ubaya wake ni kwamba ukali wote umekaa kwenye ncha moja nyembamba, na ncha hiyo ikigusa udongo mara moja tu, kazi imekwisha mpaka inolewe upya. Pembe ya mviringo hukata taratibu kidogo, lakini makali yake yameenea kwenye mkunjo, hivyo hubaki na uwezo wa kukata hata ikipoteza sehemu ya ukali. Kwa mti mkavu, gome lenye vumbi, gogo lililoburutwa na trekta, au mti mgumu kama mkongo na mpingo, pembe ya mviringo hushinda kwa siku nzima hata kama inashindwa kwa mkato mmoja. Kwa kuwa magogo yetu mengi hukatwa yakiwa juu ya ardhi kavu, nami sijaona wakataji wengi wanaoyainua kwa mihimili kwanza, naona pembe kali inawafaa wachache tu: wavunaji wa misindano katika mashamba makubwa kama Sao Hill, wanaonoa kila wanapojaza petroli.

Msaji una habari yake. Mbao zake zina silika ya asili, yaani chembe ngumu kama za mchanga, inayopunguza makali hata pale gogo lilipo safi kabisa, kwa hiyo cheni ya pembe ya mviringo inafaa zaidi. Mnazi ni mkorofi kuliko msaji. Shina lake ni jembamba, mara nyingi sentimita 25 hadi 35, na baa ya inchi 14 au 16 hulimaliza kwa mkato mmoja, lakini sehemu ya nje ni ngumu na ina silika, tofauti na mti wa kawaida ambao ugumu wake uko kwenye kiini. Wapasuaji wa minazi kuanzia Tanga hadi Unguja hawana haja ya baa ndefu. Wanachohitaji ni cheni tatu au nne zilizokwisha kunolewa, zibadilishwe kwa zamu. Zipo pia cheni zenye kabaidi (kitu kigumu kuliko chuma cha kawaida) kwenye makali, zinazodumu sana kwenye kazi ya namna hii, ila bei yake ni kubwa na hazinoleki kwa tupa ya kawaida, bali kwa jiwe la almasi, na jiwe hilo si rahisi kulipata nje ya miji mikubwa.

Kukata na kupasua

Cheni ya kawaida imetengenezwa kukata nyuzi za mti kwa kuzikingama, na bamba la juu la meno yake hunolewa kwa pembe ya digrii 30 hivi, au 25 kwa mti mgumu. Kupasua mbao ni kazi nyingine, kwa sababu msumeno unafuata urefu wa nyuzi. Cheni ya kupasulia hunolewa kwa digrii 10 hivi, huenda polepole, na huacha uso laini unaohitaji randa kidogo. Anayepasua kwa cheni ya kawaida hupata mbao zenye mistari mirefu na anaichosha injini, ingawa kwa mbao chache za paa la banda hakuna haja ya kununua cheni ya pekee.

Kwa kupasua, ushauri wangu kuhusu baa fupi unageuka. Hapa mashine ya cc 70 ndiyo ya kuanzia, na baa iwe ya inchi 20 hadi 25, kwa sababu baa yote huzama ndani ya gogo kwa dakika nyingi mfululizo. Mpasuaji ajue pia anachopoteza: cheni ya 3/8 hula milimita 8 hivi kwa kila pasuo, na zaidi kama mkono unayumba, hivyo kila pasuo tatu zimeondoka na unene wa ubao wa inchi moja. Kwa mninga hasara hiyo ni pesa nyingi, na mwenye magogo ya thamani afadhali ayapeleke kwenye msumeno wa utepe.

Baa zinazozidi inchi 24 zinaweza kufungwa cheni yenye meno machache, iliyorukwa jino katika kila nafasi ya tatu. Mzigo kwa injini hupungua na maranda hupata pa kutokea, lakini mkato huwa na mikwaruzo. Kwenye baa fupi cheni hiyo haina faida.

Baa za tabaka na baa za chuma kimoja

Baa za bei ya kawaida huunganishwa kwa mabamba matatu membamba, nazo ni nyepesi na zinatosha kwa mashine za nyumbani na za kati. Baa ya chuma kimoja ni nzito na ghali, lakini haipindi upesi inapobanwa na gogo, na nyingi zina ncha inayobadilishwa nyota yake inapochakaa. Kwa anayevuna kila siku akiwa na mashine ya cc 70, hii ya pili hulipa gharama yake. Yoyote utakayochukua, igeuze juu chini kila unaponoa cheni, ili mfereji ulike sawasawa pande zote mbili.

Vitu vya kununua pamoja na cheni

Tupa ya duara iendane na pichi: milimita 4.0 kwa 3/8 ndogo, 4.8 kwa 0.325, 5.2 au 5.5 kwa 3/8 ya kawaida kulingana na mtengenezaji, na 5.5 kwa 0.404. Ongeza tupa bapa na kipimo cha kile kidole kifupi kilicho mbele ya kila jino, ambacho hutakiwa kuwa chini ya makali kwa milimita 0.65 hivi. Wengi hunoa meno na kukisahau kidole hicho, kisha hulaumu cheni inapoanza kutoa unga badala ya maranda.

Oili ihesabiwe katika bei ya baa ndefu, maana pampu ileile sasa inalainisha chuma kirefu zaidi. Elekeza ncha kwenye kisiki cheupe bila kukigusa, kanyagia moto, na baada ya muda mfupi mstari wa matone uonekane juu yake. Usipoonekana, ama tundu la oili limeziba au pampu haimudu urefu huo. Oili chafu iliyotolewa kwenye gari haifai, kwa kuwa ina chembe za chuma zinazokwangua mfereji, na mvuke wake pamoja na mguso wake kwenye ngozi si salama kwa mkataji.

Sproketi nayo ikaguliwe kabla ya kulipia cheni mpya, na ibadilishwe kila baada ya cheni mbili au tatu. Cheni mpya inayofungwa juu ya sproketi iliyochimbika hurefuka mapema, huruka kwenye mfereji, na miguu ya viungo vyake huisha kabla meno hayajafika nusu.